Pumzi za Kuazima

1

Asubuhi ile Mwajabu Kilua alisikia mtoto mchanga ndani ya pumzi za mwanamume wa miaka arobaini na moja.

Alikuwa amekaa mezani pake katika Kituo cha Pumzi cha Kwembago, visikilizio masikioni, akipitia rekodi za wagonjwa wake kama alivyofanya kila siku kabla mlango haujafunguliwa. Rekodi ya Hemedi Semkiwa, mfanyakazi wa chumba cha brashi katika kiwanda cha mkonge, ilikuwa nzuri kupita kiasi. Mwezi mmoja nyuma kifua chake kilikuwa kikilia kama bawaba isiyotiwa mafuta, na sasa kilitoa upepo wa kijana anayecheza mpira. Mwajabu alitaka kufurahi. Akairudisha rekodi ili ayasikie maendeleo hayo kwa masikio yake mwenyewe, na nyuma ya ile pumzi ndefu, tulivu, akasikia pumzi nyingine ndogo, ya haraka haraka, yenye mafua. Kisha kikafuata kicheko kifupi cha mtoto anayebembelezwa mgongoni.

Akafungua rekodi ya Mhina, anayesimama mashine moja na Hemedi. Mtoto alikuwapo, mafua yale yale. Akafungua ya Shekidele, kisha ya Kallaghe. Wanaume wanne wa nyumba nne tofauti, na mtoto mmoja tu mgongoni.

Mwajabu akavua visikilizio akavilaza juu ya meza. Mgonjwa wa kwanza alikuwa ameshagonga mlango, lakini alimwacha agonge mara ya pili na ya tatu kabla hajainuka.

Kifaa walichokitumia wagonjwa wake kiliitwa Sikivu. Kilikuwa na ukubwa wa kidole gumba cha mtu mzima, na ndani ya mdomo wake mlipita uzi mwembamba kuliko unywele, uliopashwa moto kidogo. Mtu akipuliza, upepo wake uliupoza ule uzi, na kwa kadiri ulivyopoa Sikivu ilijua mapafu yana nguvu kiasi gani. Ilisikiliza pia mluzi wa njia za hewa zilizobana. Kisha yenyewe ikaamua ni unga kiasi gani wa dawa ya kuzuia pumu mgonjwa auvute siku hiyo, mwingi kwa mwenye hali mbaya, kidogo kwa mwenye nafuu. Ndani yake mlikuwa pia na dawa ya kutuliza, ya mtu anapobanwa ghafla. Mwisho ikampa rangi ya kijani, njano au nyekundu, na rangi hiyo ikasafiri hadi kwenye ubao wa Mwajabu na hadi kiwandani.

Mwajabu aliiamini Sikivu kuliko alivyowaamini watu wengi. Mama yake mzazi alikuwa na pumu enzi za pampu za zamani, ile ya bluu ya kutuliza na ile ya kahawia ya kuzuia. Ya kahawia aliiacha kwa sababu haikumpa nafuu ya papo hapo, na majirani walimwambia ukiizoea pampu hutaiacha hadi kaburini. Akabaki na ya bluu, akiivuta kwa kujificha, amewapa watu mgongo kama anayefanya jambo la aibu. Siku aliyokufa aliivuta mara nyingi sana. Pampu ilikuwa bado inatoa sauti yake, pss, pss, lakini dawa ilikuwa imekwisha zamani na kilichobaki kilikuwa gesi tupu. Mwajabu alikuwa na miaka kumi na mitatu, na yeye ndiye aliyekuwa akimbonyezea.

Sikivu isingeruhusu jambo kama hilo. Katika miaka saba tangu ije, wilaya nzima ilikuwa imezika watu watatu tu kwa pumu, ambapo zamani hao walikuwa wa mwezi mmoja.

Ila Sikivu haikumtambua mvutaji. Ya kwanza kabisa ilikuwa ikimtambua kwa sauti na kwa umbo la midomo, lakini mgonjwa aliyebanwa hupoteza sauti na midomo huvimba, na baadhi ya watu walifungiwa dawa katika saa waliyoihitaji zaidi. Watengenezaji wakakiondoa kizuizi hicho. Walijiuliza ni nani angetaka kupuliza mahali pa mwenzake, wakaona hayupo.

2

Hemedi alipoitwa alikuja na mkewe, Tunu, mtoto mgongoni. Mwajabu alimtazama yule mtoto, kamasi zikimchuruzika, akajua hana haja ya kuuliza sana. Hata hivyo akafuata utaratibu. Alitoa kabatini mrija wa zamani wa kupimia pumzi, ule wenye kimshale kinachosukumwa kwa upepo tu, akamwomba Hemedi apulize.

Hemedi alifumba macho na kuinua mabega kama kawaida yake, akakohoa kidogo, akapuliza. Mshale ulikomea mia moja na tisini. Sikivu yake, asubuhi hiyo hiyo, ilikuwa imeandika mia nne na themanini.

Hemedi alianza kusema kwamba huenda mrija umeharibika, halafu akaishia katikati ya sentensi, kwa sababu pumzi haikumtosha kuimaliza.

Tunu ndiye aliyesema. "Dada, usimsumbue. Ni mimi ninayempulizia. Mapafu yangu mazuri, sijawahi kuugua hata kikohozi."

Alieleza yote bila kuficha, kama mtu aliyechoka kubeba mzigo. Kanuni ya Kumlinda Mfanyakazi ilisema kwamba mtu akiwa mwekundu siku tatu mfululizo, aondolewe kwenye vumbi. Ilitungwa kwa nia njema. Lakini kiwanda hakikuwa na pa kumpeleka, kwa kuwa kazi nyingine zote zilifanywa na mitambo. Chumba cha brashi tu ndicho kilichohitaji mikono ya watu, maana nyuzi za mkonge hujisokota na mashine peke yake haiwezi kuzichambua. Aliyeondolewa pale alirudi nyumbani. Watu waliita jambo hilo kupumzishwa, kwa sauti ile ile waliyoitumia kutaja msiba. Wa kwanza kupumzishwa alikuwa mzee Mntambo, na watu waliona jinsi alivyokwisha katika mwaka mmoja, akikaa barazani akitazama wenzake wakienda zamu.

Basi wake wakaanza kuwaazima waume zao pumzi. Asubuhi kabla ya zamu Tunu alipuliza kwenye kifaa cha mumewe, kisha wakaja watatu wasio na wake, akawapulizia nao. Kati ya watu thelathini na watatu wa chumba cha brashi, waliokuwa wakiazima sasa walifika kumi na tisa.

Mwajabu aliuliza kama wanajua kinachofuata. Sikivu ikisikia mapafu ya Tunu, huona mgonjwa amepona, hupunguza dawa. Hemedi aliyehitaji vipimo vinne kwa siku alikuwa akipata nusu kipimo, na vumbi halikupungua. Alikuwa akijiua taratibu kwa pumzi nzuri za mkewe.

Tunu hakuwa amelijua hilo. Alimgeukia mumewe, na Mwajabu aliona usoni pake kwamba mumewe alilijua.

"Sista," alisema Hemedi, akivuta hewa kati ya maneno, "nikiwa mwekundu nitapoteza kazi baada ya siku tatu. Nikiwa kijani labda nitapata miaka miwili mitatu. Nimeshapiga hesabu yangu. Nakuomba tu usinichongee."

Sheria ilimtaka Mwajabu atoe taarifa ya pumzi ya uongo ndani ya siku moja. Angeitoa, vifaa vyote kumi na tisa vingefungwa na wenyewe kupimwa hadharani, na baada ya siku tatu nyumba kumi na tisa zingekuwa na mtu barazani. Akiinyamazia, aliowafundisha mwenyewe kuvuta dawa, aliowahesabia moja hadi kumi huku wameshika pumzi, wangeanza kudondoka mmoja mmoja.

Aliwaambia waende, atafikiri. Walipotoka aliona Tunu akitembea mbele na Hemedi nyuma, hatua kumi hivi kati yao. Kila Hemedi alipojaribu kuharakisha, alisimama akashika kiuno.

3

Kila mkufunzi wa pumzi kama Mwajabu alikuwa na ufunguo. Haukuwa chuma. Ulikuwa neno la siri lililomruhusu kuondoa uamuzi wa Sikivu na kupanga kipimo, na hata rangi, kwa mkono wake, kwa siku saba saba. Uliwekwa kwa ajili ya wajawazito na watu waliotoka kufanyiwa upasuaji, ambao mapafu yao huidanganya mashine.

Mwajabu aliutumia kwa Hemedi siku ya Jumatano. Akaandika vipimo vinne, na penye sababu akaandika "hali maalumu". Ijumaa akautumia kwa Mhina, Shekidele na Kallaghe. Wiki iliyofuata walikuja wengine, wakiingia kituoni kwa visingizio vya mafua na macho, na kila mmoja alipoondoka alikuwa na dawa ya kutosha chini ya rangi ya kijani isiyo yake. Wote kumi na tisa.

Alijiambia ni kwa muda tu. Alijiambia pia kwamba Sikivu imedanganywa tangu mwanzo, na yeye anaurekebisha uongo uliokwishakuwapo ili usiue. Na kweli haukuua. Katika mwezi wa tatu na wa nne Hemedi aliacha kukohoa usiku, na Tunu alimletea Mwajabu fungu la mchicha wa bustanini kwake akaliweka juu ya meza. Mwajabu alianza kulala vizuri. Kila Jumapili aliuwasha upya ufunguo kwa watu kumi na tisa, kazi ya robo saa, kisha akaenda kufua.

Jambo ambalo hakulitazama, na ambalo baadaye alisema alipaswa kulitazama, ni mahali zilikokwenda zile rangi zikitoka kwenye ubao wake.

Zamani chumba cha brashi kilikuwa na vipima vumbi ukutani, lakini manyoya ya mkonge yaliviziba kila wiki, hadi kiwanda kikaviondoa. Badala yake ubongo wa kiwanda, mtambo ulioendesha kila kitu mle, ulisoma hali ya hewa kwa kuwatazama wafanyakazi wenyewe. Kila mfanyakazi wa chumba kile, mzima au mgonjwa, alipewa Sikivu. Wakiwa wekundu wengi, feni kubwa za kunyonya vumbi ziliongezwa kasi. Wakiwa kijani muda mrefu zilipunguzwa, na umeme wake ukapelekwa kwenye mashine za kukandamiza mbao za mkonge zinazotandikwa ndani ya mabehewa ya treni. Kwa miezi miwili chumba cha brashi kilikuwa kijani kama mpunga wa masika. Feni zikapunguzwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kidogo kidogo, na watu waliokuwa ndani waliona tu kwamba vumbi la mwaka huu ni zito.

4

Asinath Mbwambo alikuwa na miaka ishirini na miwili, binti pekee wa mama aliyeitwa Nakijwa. Alianza kazi chumba cha brashi mwezi wa tatu. Alikuwa na pumu nyepesi tangu utotoni na alikuwa mvutaji bora kuliko wote waliopita mikononi mwa Mwajabu. Alitoa hewa yote kwanza, akabana midomo, akavuta polepole mpaka mwisho, akashika pumzi hadi kumi, akasukutua kinywa. Hakuazima pumzi kwa mtu. Alikuwa mgeni na hakuna aliyemwambia kwamba watu huazima.

Mwezi wa tano akawa njano. Jumanne moja ujumbe wa Sikivu ulifika mezani kwa Mwajabu: wenzake thelathini na wawili wa chumba hicho hicho wana nafuu, yeye peke yake anashuka, hivyo tatizo si hewa. Mfundishe tena namna ya kuvuta.

Mwajabu alimwita, akamwomba avute mbele yake. Asinath alivuta bila kosa. Akarudia, bila kosa. Msichana aliuliza kwa unyenyekevu anakosea wapi, kwa maana kifaa kila siku kinamwambia arudie kwa usahihi. Mwajabu alielewa nusu ya jambo pale pale: mashine ilimwona mkweli kuwa ndiye mkosaji kwa sababu waongo walikuwa wengi. Nusu nyingine hakutaka kuielewa siku hiyo. Ufunguo wake ulikuwa umeshatumika mara nyingi kuliko mkufunzi yeyote wa mkoa, na aliogopa kuongeza jina la ishirini kabla hajapata sababu nzuri ya kuandika. Alimwambia Asinath anavuta vizuri, aendelee hivyo hivyo, arudi Ijumaa.

Alhamisi, saa nne asubuhi, Asinath alibanwa akiwa kazini. Wenzake walisema alitoka nje akaegemea ukuta, akatoa Sikivu yake akavuta dawa ya kutuliza mara nne kama alivyofundishwa. Ya tano kifaa kilikataa. Kilifunga ili asizidishe, kikapeleka wito kituoni, na huku kikisubiri kikamwambia kwa ile sauti yake ya upole: pumua taratibu, rudia kwa usahihi. Wito ulifika na Mwajabu akakifungua kifaa papo hapo kutoka mezani, kisha akakimbia na mtungi wa oksijeni, njia ya kilomita moja na nusu, akapandishwa na trekta la majani ya mkonge sehemu ya mwisho. Alimkuta msichana amekaa, mikono magotini, midomo ya kijivu, macho yamemtoka. Alimvalisha barakoa. Alimhesabia. Walimpakia kwenye gari la wagonjwa kuelekea hospitali ya wilaya, na Mwajabu akiwa ameshika mkono wake waliufikia mto, wakauvuka, na kabla ya kupanda mlima, mkono ule ulikuwa umelegea.

Kabla ya kwenda kuzungumza na mama mtu, Mwajabu alirudi kiwandani. Hakuna aliyemzuia. Aliingia chumba cha brashi, akatazama juu. Feni kumi na mbili zilikuwa zikizunguka taratibu kiasi kwamba angeweza kuhesabu mapanga yake.

5

Baada ya maziko alikwenda nyumbani kwa Hemedi, akawakuta wote wawili. Aliwaeleza habari ya feni. Hakujitenga nayo, alisema sisi. Kisha akaweka mezani nakala ya Kanuni ya Kumlinda Mfanyakazi, akawaonyesha kifungu ambacho zamani hakukitilia maanani, na ambacho tangu Alhamisi alikuwa amekisoma mara nyingi. Mtu mmoja akiwa mwekundu huondolewa mtu. Lakini theluthi ya chumba kimoja ikiwa nyekundu katika siku moja, hufungwa chumba. Wafanyakazi hubaki kwenye ajira hadi hewa itengenezwe. Theluthi ya chumba cha brashi ilikuwa watu kumi na mmoja.

Hemedi alisikiliza hadi mwisho. Akasema kifungu ni kizuri kwenye karatasi. Wakijitokeza watano, hao watano watapumzishwa na chumba kitaendelea. Nani atakuwa wa kwanza, wakati kila mmoja anamngoja mwenzake? Na hata wakifika kumi na mmoja, nani anajua chumba kitafungwa kwa mwezi au kwa maisha? Mwajabu alisema hajui.

Tunu alikuwa akimnyonyesha mtoto. Alisema bila kuinua macho, "Mimi siazimi tena."

Hemedi akamwita jina lake kwa sauti ya kumkanya.

"Nimesema siazimi. Nimempulizia mwanamume mzima miezi mitatu, na kumbe nilikuwa nampulizia vumbi mtoto wa Mama Asinath. Kesho ukitaka kijani, kitafute kwingine."

Siku ile na iliyofuata Tunu alipita nyumba kwa nyumba, si kwa wanaume bali kwa waliowapulizia. Walikuwa mama fulani, dada fulani, binti wa nyumba ya tatu. Mwajabu hakuwapo na hakujua kilichosemwa. Alisikia tu kwamba katika nyumba mbili ulizuka ugomvi, na kwamba mwanamke mmoja alilala kwa wazazi wake.

Jumatatu asubuhi, saa kumi na mbili, Mwajabu alikaa mbele ya ubao wake. Uvutaji wa asubuhi ulitakiwa ukamilike kabla ya zamu, saa mbili. Wa kwanza alikuwa Kallaghe. Nyekundu. Baada yake Mhina, njano. Halafu wekundu watatu kwa mfuatano, majina ya watu ambao kwa miezi mitatu alikuwa amezoea kuwaona wakichanua kijani, na sasa aliziona pumzi zao zenyewe, fupi, zimekatika katika, zenye miluzi. Alivaa visikilizio akasikiliza. Hakukuwa na mtoto popote.

Saa moja na nusu walikuwa wekundu tisa. Shekidele akawa wa kumi. Kisha ubao ukanyamaza. Dakika tano zikapita, kumi. Waliosalia walikuwa wamejificha nyuma ya wenzao wakisubiri, na Mwajabu hakuwalaumu. Vidole vyake vilikuwa juu ya kibao. Kwa ufunguo wake angeweza kumgeuza mtu yeyote awe mwekundu kwa neno moja, na nani angesema ni uongo, ilhali uongo huo ungefunga chumba kinachoua? Aliliandika neno la siri hadi herufi ya mwisho. Halafu akamkumbuka Asinath akiuliza anakosea wapi, na akafuta herufi moja baada ya nyingine.

Saa mbili kasoro dakika sita mlango ulifunguliwa. Hemedi aliingia amevaa nguo za kazi, Sikivu mkononi. Alikaa kwenye kiti cha wagonjwa, akafumba macho, akainua mabega, akakohoa, akapuliza. Alichukua muda mrefu kutoa hewa kidogo sana.

Ubao ulipoonyesha nyekundu ya kumi na moja, mstari mzima wa chumba cha brashi ukazimika, na kutoka upande wa kiwanda wakasikia mngurumo waliouzoea ukishuka, ukishuka, hadi ukakoma. Hemedi alifumbua macho.

"Ndiyo basi," alisema. Mwajabu akampa dawa yake ya siku ile, vipimo vinne, kwa jina lake na rangi yake.

6

Chumba kilipofungwa, rekodi zote zilifunguliwa, na ufunguo ulikuwa wa kwanza kuonekana: wagonjwa kumi na tisa, miezi miwili, hali maalumu. Mwajabu alisimamishwa kazi siku ya Jumanne. Aliambiwa aandike maelezo, na kwamba Baraza la Pumzi la mkoa lingemsikiliza Jumatatu mbele ya watu. Kule kiwandani mafundi walikuwa wamekuja kupima feni, wengine wakisema ni kazi ya wiki mbili, wengine wakisema kiwanda kimeagiza mikono ya chuma na chumba hakitafunguliwa tena kwa binadamu. Baadhi ya watu walimsalimu Mwajabu njiani. Baadhi walivuka upande wa pili.

Alikwenda kwa Nakijwa Jumamosi mchana. Watu wa matanga walikuwa wameshatawanyika. Nakijwa alikuwa amekaa mkekani, sebuleni, miguu ameinyoosha, akichambua mchele ambao ulikuwa safi tayari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu ukae."

Mwajabu alikaa sakafuni. Alisema amekuja kumweleza mwenyewe kabla hajasikia kwa watu, kisha akatoa karatasi zake na kumsomea yote aliyoyaandika. Alisoma habari ya mtoto ndani ya rekodi, mrija na mshale wake, kumi na tisa, ufunguo, feni, ile Alhamisi. Ilimchukua karibu nusu saa. Mikono ya Nakijwa iliendelea kwenye mchele, na mara moja tu ilisimama, pale kwenye mto.

Alipomaliza, mama yule aliinua macho kutoka kwenye mchele.

"Jumanne mwanangu alikuja kwako," alisema Nakijwa. "Alirudi hapa akaniambia umempima, umesema anavuta vizuri, umemwambia arudi Ijumaa. Hilo mbona silisikii humo?"

Mwajabu alitazama karatasi. Alizijua kurasa zile tano neno kwa neno. Alikuwa ameandika lawama zote alizozistahili, nyingine hata kwa kujizidishia, na siku tatu nzima alikuwa amejiona mtu jasiri.

"Halimo," alisema.

"Ulijua?"

"Nilijua hewa si nzuri. Sikujua kiasi gani. Ningeweza kumwongezea dawa siku ile ile. Niliogopa jina la ishirini litaonekana."

Nakijwa alisukuma ungo kando. Hakulia. Alinyanyuka kwa shida, akaingia chumbani, akarudi na kalamu ya wino wa bluu, akaiweka mkekani mbele ya Mwajabu, akaketi tena.

Mwajabu aliandika chini kabisa ya ukurasa wa mwisho, palipobaki nafasi ya mistari mitatu. Alipomaliza, mama yule alimwambia asome. Akasoma: kwamba siku ya Jumanne Asinath Mbwambo alikuja kituoni akiwa njano, akavuta dawa bila kosa lolote, na mimi, nikijua kuwa hakukosea, nikamwambia arudi Ijumaa kwa sababu nilijiogopea mwenyewe.

"Soma tena," alisema Nakijwa.

Akasoma tena.